Plagi Zilizotoka na Maji

Sikusimuliwa na mtu, yalinikuta mimi mwenyewe, tena saa nane mchana, jua likiwaka. Usiponiamini, njoo Kyerwa nikuoneshe mashine yenyewe.

Ni mashine ya boti ya mtumba, niliinunua kwa mjane mmoja wa Kituntu. Siku hiyo dada alinipigia simu kutoka ng'ambo ya ziwa: "Kaka, mama anakutaja wewe tu. Wahi!" Barabara ya kuzunguka ilikuwa imekatwa na mvua. Nikakimbilia boti. Navuta kamba, kimya. Navuta tena, kimya!

Nikafungua plagi zote mbili za kuwashia mashine. Zimelowa, na si petroli, ni maji. Nikafunga mpya, zimetoka kwenye boksi sasa hivi. Kimya. Kuzifungua, nazo zinachuruzika. Maji yameingilia wapi, jamani? Nikaitukana ile mashine, nikamtukana na aliyeiunda.

"Kijana, hata salamu?"

Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye matete, nguo zimelowa zikamganda mwilini.

"Shikamoo," nikasema bila kugeuka.

"Marahaba. Nipe basi kahawa."

Huku kwetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna kabla ya neno lolote. Nilikuwa nayo mfukoni, nimeifunga kwenye jani kavu la mgomba. Lakini mama yangu anakata roho, mimi nikae nigawe kahawa?

"Mzee, niache!" nikafoka.

Nikakausha plagi, nikafunga, nikavuta. Nikafungua tena, maji. Karibu saa nzima, mpaka vidole vikachubuka. Naye palepale: "Nipe basi kahawa."

Mwishowe nikamtupia, ili anyamaze tu. Akatafuna taratibu, akachukua plagi zangu, akazipangusa kwa shati lake lililolowa. Niamini, zilirudi kavu! Nikafunga, nikavuta mara moja, ikanguruma. Kugeuka nimshukuru, matete hayana mtu.

Nilikuta mwili wa mama bado una joto.

"Amekuita mpaka robo saa iliyopita," dada akasema.

Msiba ulipoisha nilikwenda Kituntu na hasira zangu. Nilipomweleza mjane jinsi mzee alivyokuwa, akakaa chini.

"Ni mume wangu. Asubuhi aliyozama tuligombana, nikamnyima kahawa."

Mashine hainisumbui tena, ila kila nikifungua plagi nakuta ganda la kahawa limenata. Naichukia, na kumuuzia mtu mwingine naogopa. Ndugu yangu, hata uwe na haraka kiasi gani, anayekuomba kahawa mpe. Mimi ningempa alipoomba mara ya kwanza, mama angeniona.