Tezi Mbili za Katekista wa Kasugho

Kutoka Kisangani hadi Butembo nilitumia siku kumi na moja: lori hadi Komanda, ambako tope lilitushika siku tatu, kisha Beni, kisha pikipiki. Kesho yake asubuhi nilianza kazi katika chumba cha picha cha hospitali, nikiwa na diploma ya sekondari tu. Nililaza wagonjwa, nikafuta jeli, nikapanga filamu. Daktari wa picha, mama mfupi kutoka Kasai, aliniambia siku hiyo ya kwanza: “Donc, we mutu wa Kisangani, hapa macho njo inafanya kazi. Mudomo uache inje.”

Saratani ya uume hatukuiona kila wiki. Ikija, swali lilikuwa moja: imefika kwenye tezi za kinena, zile ambazo zikivimba huitwa mitoki? Skana, iliyokuwa Beni, iliona mbali hadi ndani ya nyonga, lakini tezi iliipima zaidi kwa ukubwa. Ekografi yetu, mashine ya mawimbi ya sauti, haikufika mbali, ila ilionyesha umbo: tezi nzima ni ndefu kama haragwe, na katikati ina weupe. Iliyoingiliwa mara nyingi huviringana, weupe ukapotea. IRM, mashine ya sumaku, niliijua kwa filamu za waliotoka Kampala. Nilipenda kuzibandika dirishani picha za mtu mmoja kutoka mashine mbili, nikishangaa zinavyokataana.

Ndipo akaja katekista wa Kasugho, mtu wa miaka sitini hivi. Kidonda cha uume kilikuwa kimeshakatwa. Skana ilionyesha tezi kubwa sana kinenani kulia. Kushoto ripoti ilisema kawaida. Mkuu wa upasuaji alikuwa ameshaamua. “Kama ile ya kulia ni kansere, imepita nguvu yangu. Sitamukata. Arudie kwake.” Ekografi ilikuwa ya kuhakikisha tu.

Nikimpangusa ngozi, niliona mistari miwili midogo upande wa kulia.

“Papa, hii ni nini?”

“Ni miiba ya shamba, mwanangu.”

“Mwiba gani unachora mistari mbili sawasawa, halafu unapaka dawa nyeusi?”

Akatazama mlango. “Bon. Nilienda kwa mutu wa miti, anichanje. Mais hapana ambia padri! Mimi njo ninafundisha batoto katekisimu.”

Mama Daktari akacheka nyuma ya pazia. “Papa, padri hana kazi na kinena yako. Alikuchanja lini?”

“Siku ine mbele ya kuenda Beni.”

Hapo nilielewa jambo ambalo filamu ya skana ya Beni haikuwa nalo. Chale zikiingia uchafu, tezi ya karibu huvimba, na skana haimwulizi mtu alikopitia. Mama Daktari aliweka sondi, kile kichwa cha mashine, kulia: tezi ilikuwa kubwa, lakini weupe wake bado ulikuwepo. Akahamia kushoto. Palikuwa na kitezi kama punje ya mahindi, cha mviringo, cheusi chote. Alichoma sindano pande zote mbili siku hiyohiyo, akavuta seli.

Majibu yalipofika, mkuu wa upasuaji aliyasoma mara mbili. “Donc ile kubwa haina kosa, kale kadogo njo mwizi?”

“Njo kenyewe, docteur,” Mama Daktari akajibu.

Wiki iliyofuata alimpasua kushoto.

Miguu yangu haijui kukaa. Siku niliyoondoka Butembo moja kwa moja ndiyo katekista alikuja kukaguliwa. Tezi ya kulia ilikuwa imenywea. Kushoto palikuwa na kovu tu. Alivaa suruali haraka, akauliza kama msimu wa maharage bado haujampita, akatoka.

Nilibaki na saa moja kabla ya gari. Nikafungua kabati la filamu za zamani, nikaziinua moja moja kwenye mwanga: tezi kubwa, vipimo kwa milimita, na chini, kwa mkono wa daktari, “arudi nyumbani”. Hakuna palipoandikwa kama mwenye picha alikuwa amechanjwa chale. Nilizitazama mpaka dereva akapiga honi.