Barua za dada yangu zilikokuwa

Dada yangu na mumewe walipohama mji wetu wa Baraka kwenda kuishi Ulaya, nilibaki peke yangu katika nyumba ya wazazi wetu. Simu yangu ilikuwa ya vibonyezo tu, kwa hiyo aliniandikia kwenye anwani ya barua pepe ya kazini, katika bureau, ofisi ya ushirika wa wakulima wa muhogo. Kisha akanyamaza. Nikajiambia amepata maisha, amenisahau. Jioni nilisonga bukari, ugali wetu wa muhogo, ya mtu mmoja, nikala na ndagala, samaki wadogo wa ziwani, redio ikiwa inasema ili nyumbani pawe na sauti.

Kazini, mtandao wetu ulikuwa mzito. Asubuhi nzima mashine ilivuta barua za bahati nasibu na za dawa za kunenepa. Mwishowe akaitwa fundi kutoka Uvira.

"Hizi barua zinafika kwanza hapa, ndio mashine inazichuja," alisema. "Tutazichujia kule kwenye seva zinakopitia, zisiwamalizie mtandao. Lakini kichujio kinajifunzaka kwako. Ikaa, unionyeshe ya muzuri na ya mubaya, mbele ya kufuta yote."

Akafungua sanduku la barua zisizotakiwa, ambalo sikuwahi kujua kwamba lipo. Katikati ya matapeli nikaiona anwani ya dada yangu. Chini yake tena, na tena.

"Huyu ni nani?"

"Dada yangu. Tumbo moja."

"Hana kosa. Anatumaka picha kubwa, bila kichwa cha barua, kwa batu bengi mara moja. Mashine inazania ni mwizi."

Nikasoma. Alikuwa amejifungua. Picha za mtoto nisiyemjua zilishuka polepole, kipaji cha uso kwanza. Barua ya mwisho ilisema: "Kama nilikukosea, uniambie. Sitakusumbua tena."

Fundi akasema anaenda kuangalia paneli ya jua. Alikuwa amekwisha kuiangalia alipofika.

Aliporudi tuliweka anwani ya dada kati ya zinazoaminika, tukaondoa alama ya taka kwenye kila barua yake ili kichujio kijifunze. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena.

Jibu lilichelewa sana, hata nikaanza kulichungulia sanduku lile la taka kila nikiingia kazini. Siku lilipofika, lilipita moja kwa moja hadi kwenye sanduku la barua za kawaida.

"Nilizania umekasirika," aliandika. "Mutoto iko anatembea sasa. Anasema Kifaransa tu."

Akaniuliza kama bado ninalala katika chumba changu cha nyuma. Nikamjibu hapana, nilihamia chumba chake.