Vikanyagio vya Pikipiki ya Baba

Enzi zetu pikipiki ilikuwa inasimama. Nalisema hili mapema kwa sababu vijana wa siku hizi hawataamini. Wao wanajua pikipiki husimama kwa mambo mawili tu: mafuta yameisha au trafiki ametokea. Kijijini kwetu, nje kidogo ya Butiama, ilisimama kwa sababu mtu mzima ameonekana njiani. Kumsalimia mkubwa huku unaendesha lilikuwa kosa, tena la kuitiwa kikao cha ukoo.

Pikipiki yenyewe ilikuwa moja, ya baba. Alikuwa bwana mifugo, na aliinunua kwa padri mmoja mrefu aliyehamishwa parokia. Baba alikuwa mfupi. Vikanyagio, vile vyuma viwili vya kuwekea miguu, vilikaa palepale mguu unapopita kushuka chini. Padri alikuwa na miguu ya kuvizunguka. Baba akisimama, ama chuma kimgonge muundi, ama atanue miguu kukikwepa, na akiitanua haifiki chini. Alichagua kugongwa.

Na salamu zetu hazikuwa za kumaliza haraka. Habari za nyumbani, za watoto, za mvua, yule ng'ombe mwekundu amezaa? Baba anajibu nzuri, nzuri, chuma kimemkaa mfupani, machozi yanamlengalenga. Watu wakamsifu kuwa bwana mifugo ana huruma, akiulizwa habari za ng'ombe analia.

Mimi nilikaa nyuma, nimepakata sanduku la dawa. Mpaka leo nikinusa petroli iliyochanganyika na dawa ya kuogeshea ng'ombe najiona nina miaka minane, vumbi kwenye kope, na kiroba cha samaki, sato wa soko la Mwigobero, kinanilowesha paja. Hakuna gari lenye kiyoyozi lililowahi kunipa raha ile.

Sasa, kwenye barabara ya kwenda Nyamuswa ndiko alikokaa bibi, mama yake mama. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawashikani hata mkono. Husalimiana kwa mbali, macho chini. Jumamosi moja bibi akatokea shambani ghafla, kikapu cha viazi kichwani. Baba akafunga breki. Kikanyagio kikaingia ndani ya mguu wa suruali, mguu ukataka kushuka, ukakatazwa. Pikipiki ikalala polepole, kwa adabu zote, na baba akalala nayo mpaka kichwa chake kikatua juu ya miguu ya mama mkwe.

Bibi alitupa kikapu, akajifunika kitenge usoni na kukimbilia ndani ya mihogo. Sato wametapakaa barabarani. Baba, akiwa bado amelala pale pale, akasema, "Shikamoo, mama." Kutoka kwenye mihogo sauti ikajibu, "Marahaba, mkwe wangu."

Baada ya hapo baba hakupita tena njia ile. Alizunguka kwa vijia vya ng'ombe, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku moja mama akasema huku anasonga ugali, "Umenikatia njia ya kwetu." Niliogopa. Sikuwahi kumwona mama akisonga ugali huku analia.

Kesho yake tukaenda Bunda kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Baba alitaka vikanyagio vikatwe na kusogezwa nyuma, na sponji ya siti ipunguzwe. Fundi alishangaa.

"Mzee, utaendeshaje? Si utakuwaga umelala?"

"Kuendesha najua," baba akasema. "Mimi nataka kusimama."

Kweli akawa anaendesha amelala juu ya tangi, utadhani anasikiliza kitu humo ndani. Watoto wa shule walitukimbiza wakicheka. Vikanyagio vyake vilichukua nafasi ya vyangu, nikabaki nimening'iniza miguu, na ekzosi ikaniachia alama niliyo nayo hadi leo kwenye shavu la mguu. Lakini Jumapili ile, baada ya misa, alisimama mbele ya nyumba ya bibi. Miguu yote miwili ilishuka bila kuguswa. Akasalimia kwa mbali, macho chini, salamu ndefu mpaka akazima injini. Tulipomsimulia mama, alicheka hadi akakaa chini. Nilifurahi kupita kiasi, na mguu unaniuma.

Leo naishi Bweri, na nina pikipiki yangu mpya. Pale kijiweni vijana wamelala juu ya siti, miguu kwenye usukani, spika za masikioni, na mtu mzima akipita wanampigia honi. Nilikuwa nawacheka sana. Wiki iliyopita nilikwenda Butiama kwa shughuli zangu, nimechelewa, nikapita mbele ya nyumba ya baba bila kusimama. Nikapiga honi.

Kwenye saitimira nikamwona. Alikuwa amekaa nje, na aliposikia pikipiki alianza kunyanyuka, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye ukuta. Siku hizi kunyanyuka kunamchukua muda. Mpaka alipomaliza kusimama, mimi nilikuwa nimeshafika kwenye kona. Niliona aibu ambayo sijui niieleze vipi. Nikageuza.

Nilisimama mbele yake. Miguu ikashuka, nyayo zote chini, hakuna kilichonigonga.

"Shikamoo, baba."

Aliinama kwa shida, akashika kikanyagio, akapima kwa kiganja kutoka kwenye chuma hadi kwenye muundi wangu.

"Kinakugongaga?"

"Hapana, baba."

"Na chini unafika?"

"Nafika."

Akajinyoosha taratibu, akanitazama.

"Sasa unashindwaga nini kusimama?"