Alama za udaktari anazo, ila anataka mwaka mmoja kwanza

Saa moja asubuhi, wodi ya wanaume. Binti mwembamba mwenye glovu zinazompwaya anamlaza mgonjwa ubavu, anakunja shuka chafu hadi usawa wa mgongo wake, anatandika safi nusu ya kitanda, kisha anamgeuza upande wa pili na kumalizia. Mgonjwa hajainuliwa hata kidogo.

"Pole baba, tumemaliza," anasema. Mzee anaguna tu, kuguna kwa mtu aliyeridhika.

Usimwone hivi ukadhani kakosa pa kwenda. Mhudumu huyu wa wodi ndiye aliyeongoza shule nzima kwa baiolojia. Alama za kuingia chuo cha udaktari anazo, na za kumwazima mtu zinabaki. Lakini dirisha la maombi linafungwa leo saa kumi jioni, na yeye hajaomba.

Mtaani kwao hilo limezua gumzo. Mama yake, fundi cherehani, matokeo yalipotoka tu alikata kitambaa cheupe akashona koti la daktari. Limekamilika hadi vifungo; kilichobaki ni chuo tu. Tangu hapo majirani wanamwita Mama Dokta, naye anaitika bila haya.

"Mdogo wangu naye alisema anapumzika mwaka mmoja kabla ya chuo," anasema mama huyo, mguu ukiwa kwenye kanyagio la cherehani. "Anapumzika mpaka leo! Huyu naye akizoea hela yake, nani atamrudisha darasani? Roho yangu haitulii, mwandishi. Haitulii kabisa."

Hofu yake ina msingi. Ila binti naye ana yake, na wala haifichi.

Kazi hii aliichukua kwa muda tu, akisubiri maombi yafunguliwe. Wiki ya kwanza, mgonjwa mmoja, dereva wa lori, aliwasikia madaktari wakitaja ugonjwa wake kwa jina la kitaalamu. Walipoondoka akamuuliza binti maana ya lile neno.

"Nilimjibu kama niko kwenye mtihani," anakumbuka. "Dalili zake, hatua zake, unaishia wapi. Nilijibu vizuri mno, hata nikafurahi. Kumwangalia, kageukia ukutani."

Dereva hakula kutwa. Sista mkuu wa wodi alimweka binti kitako, akamsema hadi machozi yakamtoka. Mwingine angeacha kazi. Yeye alirudi kesho yake, akavuta kiti, akamwomba radhi dereva, halafu akamnyoa ndevu bila kuongeza neno. Siku chache baadaye dereva mwenyewe ndiye aliyeanza stori, za lori lake na wanawe. Jamani, kurudi mbele ya mtu uliyemvunja moyo kunataka kifua, na watu wazima wangapi tunakwepa.

"Alipoomba abaki mwaka mzima nilimuuliza, unataka kujifunza au unaogopa chuo?" anasema sista mkuu, mwanamke asiye na maneno mengi. "Akaniambia, vyote viwili. Nikaona huyu anajijua."

Wanaomwambia anapoteza muda, binti anawacheka.

"Chuoni watanifundisha ugonjwa. Kukaa na mtu mwenye ugonjwa najifunza hapa. Nikiingia sasa hivi nitapita mbio vitandani na majibu yangu, na watu watanipigia makofi. Mama nampenda sana, ila kwa hili sitaki kumdanganya."

Saa kumi inamkuta kwenye kitanda cha dirishani, akimlisha uji mgonjwa aliyepooza mkono, kijiko kimoja kimoja. Hata jicho hatupi kwenye saa ya ukutani. Uji unapoisha, anamfuta mgonjwa kidevu, ndipo simu inaita. Ni mama.

"Wamefunga?"

"Wamefunga, mama. Mwakani siku wakifungua, wa kwanza kuomba ni mimi. Wala hutanikumbusha."

Upande wa pili cherehani inasimama. Binti anafumba macho, bakuli tupu mkononi.

"Haya," mama anasema hatimaye. "Umekula lakini?"