Nguzo ya Kutundikia Pumzi

Babu yetu Yotham alikuwa mtu wa miti. Sisemi seremala wa meza na makabati, la. Yeye alichonga vigoda, mizinga ya nyuki na vinu, na kila alichochonga alikitoa katika gogo moja bila msumari. Alizaliwa upande wa Nzuguni, wakati huo pakiwa na nyumba chache za tembe na miiba mingi, akabatizwa na wamisionari akiwa tayari ana mke, akafa bila kuiona bahari. Binamu zangu wa mjini, Area D, hupenda kusema kwamba maisha yake hayana habari ya kusimulia. Hawajui wanalosema. Huyu ndiye mtu aliyechagua kisimamio cha mtambo wa kupumulia chini ya maji, hapa hapa Ugogo, ambako maji yenyewe hutafutwa kwa tochi.

Mambo haya nimeyasikia kwa bibi Raheli, mkewe, ambaye alikuwepo na hakuwa mtu wa kutia chumvi. Ilikuwa zamani za Mjerumani, reli ikiwa imekwisha kufika Dodoma na kusonga mbele kuelekea Tabora. Mwaka ule mvua iligoma kabisa. Mtama ulikauka ukiwa wa kufika magotini, na ng'ombe walikuwa mifupa inayotembea. Kisima cha pekee kilichokuwa na maji ya uhakika kilikuwa kile cha stesheni, kirefu na chembamba, kilichochimbwa na Kefa pamoja na wenzake. Kefa alikuwa mdogo wa babu, tumbo moja. Maji ya kisima kile yalivutwa na pampu, yakanywesha gari la moshi kwanza na watu baadaye, na hakuna aliyelalamika maana angalau yalikuwepo.

Siku moja boriti mojawapo iliyozuia ukuta wa kisima ilikatika, ikaanguka ndani pamoja na tope, ikakaba mdomo wa bomba kule chini. Pampu ikalia bila kutoa kitu. Maji yalionekana, yamejaa tele, ila kwa ndoo na kamba yasingetosha hata nusu ya watu na mifugo iliyokuwa inasubiri. Ilibidi mtu azame, aiondoe boriti, na kazi hiyo haikuwa ya pumzi moja.

Ndipo akaja fundi wa Kijerumani na sanduku. Watu walimpa jina la Bwana Mapafu, na jina lilimkaa. Ndani ya sanduku mlikuwa na mfuko wa mpira, mirija miwili minene, chupa ya chuma iliyoshindiliwa ile hewa ambayo watoto wa shule leo wanaiita oksijeni, na kopo la dawa nyeupe ya chengachenga. Bwana Mapafu alijua Kiswahili cha kutosha. Alieleza kwamba mtu huvuta pumzi kutoka kwenye mfuko, akaitoa humo humo, dawa ikaisafisha, chupa ikaongeza kidogo iliyopungua, kisha mtu akaivuta tena pumzi ile ile. Bibi aliniambia wazee waliosikia walimtaka aeleze tena tangu mwanzo. Mtu kuila pumzi yake mwenyewe na asife! Mimi hata leo nikilifikiria jambo hili mwili hunisisimka, sembuse wao.

Aliyetakiwa kuzama alikuwa Kefa. Fundi mwenyewe alikuwa na mabega mapana, asingepita, na Kefa ndiye aliyekijua kisima kile kwa mikono yake. Alikubali mara moja, maana alikuwa mtu wa kukubali kwanza na kuogopa baadaye. Yotham aliogopa kwa niaba ya wote wawili.

Sasa, mtambo ule haukutaka kulazwa. Ulitaka kutundikwa wima, kama unavyokaa kwenye mwili wa mtu, mfuko uning'inie huru bila kukunjika. Kabla ya kuvaliwa ulijazwa hewa ukaachwa hivyo usiku kucha. Ukikutwa asubuhi umejaa vilevile, uko salama, na ukikutwa umenywea, basi una tundu mahali, na mtu angevuta maji badala ya hewa. Kisimamio chake cha chuma kilikuwa kimesahauliwa Dar es Salaam. Walijaribu meza ya duka la Mhindi: mfuko ulijilaza, mikunjo ikaziba kila kitu, huwezi kujua kama unavuja ama hauvuji. Walijaribu kipande cha reli kilichosimikwa ardhini: jua la Dodoma lilikipasha mpaka mpira ukaanza kunata. Bwana Mapafu akauliza ni nani hapa anayejua miti, na vidole vyote vikamwelekea Yotham.

Babu aliiona kazi ile kama imetoka mbinguni. Alichagua gogo la mninga, kavu la pekee alilokuwa nalo, lililogawanyika juu matawi mawili, akauchonga usiku na mchana, matawi yakawa mabega, shina likawa kifua, na chini akauachia miguu mitatu kama ya kigoda, kwa sababu chenye miguu mitatu hakitikisiki hata pasipo sawa. Kisha akafanya ambalo Mgogo yeyote wa wakati ule angelifanya. Kigoda kisichopakwa mafuta hupasuka, na tena ni aibu, ni kama kumpeleka bibi harusi mwenye ngozi iliyopauka. Akachukua samli ambayo Raheli alikuwa ameificha kwa ajili ya siku mbaya, akaupaka mti wote, akausugua kwa kiganja mpaka ukawaka wekundu wake. Bibi alisema alitaka kumpigia kelele kwa ile samli, lakini alipoutazama mti akasogea kuusugua naye.

Waliubeba mpaka stesheni, watu wakaufuata nyuma. Bwana Mapafu aliuona kwa mbali, akatabasamu. Alipofika karibu akanusa, akapitisha kidole, akakitazama kidole kinavyong'aa, na uso wake ukabadilika. Akarudi nyuma akiikumbatia ile chupa.

Babu alidhani ameudharau. Yule Mjerumani hakubishana naye. Alichukua kijiti, akakiwasha, akakizima kikabaki na kaa dogo jekundu. Akafungua chupa kidogo, akakisogeza. Kijiti kilichokuwa kimezimika kikalipuka moto mweupe mbele ya macho yao, mpaka waliokuwa karibu wakafunika nyuso. Kisha akachukua kipande cha kitambaa, akakifuta kwenye ule mti, akakitupia kaa na kukielekezea hewa ya chupa. Kitambaa hakikuungua kama vitambaa vinavyoungua. Kilitoweka kwa mlio.

"Mafuta na hewa hii havikai pamoja," alisema. "Mikono yenye mafuta ikifungua chupa hii, inaweza kuwaka usoni mwa ndugu yako."

Yotham aliutazama ule mti alioupamba kwa heshima zote, akaona kwamba alikuwa amemchongea mdogo wake kifo. Akakaa chini palepale kwenye vumbi. Watu wengine walikuwa bado wanauliza moto ule umetoka wapi. Yeye alikuwa anafikiri jinsi Kefa alivyokuwa na tabia ya kukubali.

Walijaribu kuusugua kwa mchanga na majivu, kazi bure. Samli ilikwisha kuzama, na kila jua lilivyozidi ndivyo ilivyotoka jasho. Bwana Mapafu alisema gari la moshi lingefika kesho na lisingeweza kwenda bila maji. Wangeutandaza mtambo juu ya meza tu, na Kefa angezama asubuhi hivyo hivyo. Kefa, kama kawaida yake, akasema sawa.

Babu akaanza kutafuta mti usiojua mafuta. Ukisikia hivi unaona ni jambo jepesi. Mbichi haukufaa, ungetoa utomvu. Mkavu ulikuwa wapi? Vigoda vyote vilipakwa. Mipini yote ilishikwa na mikono yenye mafuta. Watu wenyewe walijipaka samli na udongo mwekundu, wakaegemea kila kilichosimama. Nguzo za barazani, nguzo za zizini, zote zilikuwa zinang'aa kwa migongo ya wenyewe. Alizunguka majirani akinusa miti ya watu, wakamtania kwamba Yotham sasa amekuwa mbwa wa kuwinda nguzo. Aliendelea kunusa tu, na Mgogo asiyejibu utani ujue ana shida kweli.

Jua lilipoanza kulala akasimama nyumbani kwake, ndani ya chumba cha vilindo, yale mapipa ya magome ya miti ambamo nafaka ya familia ilihifadhiwa. Chumbani humo hamkuwashwa moto, hamkukaa mtu wala kuegemea chochote. Katikati ilisimama nguzo ya mkambala, mti mgumu kama chuma, yenye panda pana juu, iliyobeba mhimili na udongo wote wa paa. Baba yao alikuwa ameisimika kwa mikono yake alipohamia pale, na mchwa wa miaka yote ile walikuwa wameionja wakaiacha. Yotham akaikwangua kwa ukucha, akainusa. Ilikuwa kavu, haikunuka kitu.

Raheli alikuwa mlangoni. Alielewa kabla hajaambiwa, maana paa la tembe ni udongo mzito, na ukiing'oa nguzo ya kati, chumba hakibaki. Babu aliniudhi sana sehemu hii nilipokuwa mdogo, kwa sababu alisita. Bibi alisema alisita kiasi cha mtu kuchemsha maji, akitazama juu, akitaja jina la baba yake polepole. Nikiwa mtu mzima mwenye nyumba nimemwelewa.

"Nyumba hujengwa tena," Raheli akamwambia. "Kefa hajengwi."

Wakatoa vilindo, vingi vikiwa vitupu kwa njaa ile. Wakamwita Kefa, na ndugu wawili wakaizungushia nguzo kamba wakiwa nje, wakavuta. Paa likashuka lote kwa kishindo, vumbi likapanda mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Wakaichimbua nguzo kutoka kwenye kifusi, wakanawa mikono yao kwa majivu kabla ya kuibeba, wakaenda kuisimika kando ya kisima na kuishindilia kwa udongo wa kichuguu. Bwana Mapafu aliinusa toka chini hadi juu. Kisha akautundika mtambo kwenye panda, mfuko ukaning'inia kifuani pa nguzo, akaujaza, akaufunga. Ulikaa pale kama mtu mnene asiye na kichwa.

Asubuhi mfuko ulikuwa umenywea.

Kwenye meza wasingeona. Bwana Mapafu alipitisha sikio lake taratibu kwenye mirija, akapata pale mmoja ulipounganika na kopo, pamelegea, panapumua. Alimtazama Yotham, akamtazama Kefa, akatengeneza pale mahali, akaujaza upya, wakakaa kuungoja mpaka jua likawa kali. Safari hii haukupungua. Gari la moshi lilikuwa limekwisha kufika, nalo likangoja.

Kefa akavaa mtambo, akabanwa pua, akaweka mdomo kwenye mrija, akafungwa mawe kiunoni na kamba kifuani. Akashuka. Maji yakamfunika, yakatikisika, yakatulia.

Hapo ndipo hofu yenyewe ilipoingia. Kila mmoja pale alikuwa amewahi kuona mbuzi akitumbukia bwawani. Alijua kwamba chenye uhai chini ya maji hutoa mapovu, na mapovu yakikoma, basi. Kwa Kefa hayakutoka kabisa. Hata moja. Pumzi yake ilikuwa inazunguka ndani ya mfuko, kama walivyoelezwa, lakini kuelezwa ni kitu kimoja na kuyatazama maji yaliyolala kimya juu ya ndugu yako ni kingine. Mama mmoja akaanza kulia kilio cha msiba, wengine wakampokea. Bwana Mapafu akawaambia watulie, ndivyo inavyotakiwa kuwa, hakuna aliyemsikiliza. Yotham alikuwa ameishika nguzo kwa mikono miwili. Kamba ilikuwa imelegea, haiendi huku wala huku.

Kisha pampu ikakohoa. Ikakohoa tena, ikatapika tope, halafu maji ya rangi ya chai, halafu maji. Watu hawakushangilia. Bibi alisema walisimama tu, wengine wamevua kofia, kwa sababu waliona kwamba mtu asiyepumua alikuwa anafanya kazi kule chini. Kamba ikavutwa mara mbili, wakampandisha.

Alitoka akiwa amechubuka mikono yote, akitetemeka kwa baridi, akiulizia nani ana ugoro. Raheli akamfunika shuka, akampiga kofi la begani, akalia. Watu wakamzunguka wote, kila mmoja akitaka kumgusa aone kama ni yeye.

Bwana Mapafu aliuvua mtambo mwilini mwa Kefa, akafunga mrija, akautundika kwenye panda ya nguzo ukauke. Yotham hakwenda kwenye ule umati. Alibaki pale peke yake na mtambo. Mfuko ulikuwa umejaa, unachuruzika maji. Akanyoosha mkono akaushika, akakuta una joto la pumzi.

Akaacha mkono wake hapo. Bwana Mapafu akaja kufungua mdomo wa mfuko ili atoe hewa iliyobaki, kama ilivyo desturi ya kazi. Babu akamzuia mkono, jambo ambalo siku zile mtu angechapwa viboko kwa kulifanya.

"Ngoja kwanza, bwana," akamwambia. "Huyu ni mdogo wangu."

Mjerumani akautoa mkono wake, akangoja.