Siku Nilipowaeleza Watu wa Bunia Habari za Fiji

Haya yangu ninaijua vizuri, iko na uwanja wake na iko na mashahidi wengi ambao mpaka leo tunasalimiana nao sokoni wakiuma midomo, na kama si bibi yangu wa ndoa, Masika, kuisimulia kwa kila mgeni (na kila mara anaongeza kitu ambacho hakikuwako), ningekufa nayo kimya. Lakini kwa kuwa imekwisha kutoka nje, afadhali muisikie kwangu mimi mwenyewe niliyeangukiwa nayo.

Ilikuwa mwaka themanini na tano, enzi ya Zaire, wakati mutu wa heshima anavaa abacost, lile koti lisilo na tai, na mwalimu anaitwa citoyen, yaani raia. Mimi nilikuwa mwalimu wa mwaka wa nne primaire kwenye shule moja ya mtaa wa Nyakasanza pale Bunia, kijana wa Djugu, mutoto wa wakulima, na nilikuwa nimechumbia Masika, binti ya Muzee Kasereka. Huyu Muzee alikuwa mchuuzi wa maharagi aliyehamia Bunia na familia yake kutoka Butembo, mutu wa kanisa, asiyecheka ovyo, na alikuwa amesema wazi mbele ya wajomba zangu kwamba binti yake anaweza kuolewa na mutu yeyote, wa kabila lolote, mwenye kitu ao asiye na kitu, ila mwongo hapana. Tulikuwa tunangoja neno lake la mwisho.

Sasa, mimi nilikuwa na shati moja nililopata kwenye mitumba, jeupe, zito, lenye kola ngumu na mti mdogo kama wa ngazi, ule wa mawese, umeshonwa kifuani. Nililipenda kwa sababu lilinifanya nionekane mpana (mimi ni mwembamba, hata leo). Siku moja ninatoka shule nimelivaa, nikakutana na Musiyé Luc, muzungu wa Ufaransa aliyekuwa anafundisha gymnastique, mazoezi ya mwili, kwenye shule ya sekondari, yuko juu ya kinga yake, baiskeli, karibu aanguke.

"Fidji!" akapiga kelele. "Citoyen Ngabu, hii ni shati ya Fidji! Rugby! Ile ya watu saba! Weye unaijua?"

Hapa ndipo mahali nilipokosea. Ningesema tu, "Musiyé, mimi nilipenda kola," na leo nisingekuwa na kitu cha kuwaambia. Lakini wanafunzi wangu walikuwa nyuma yangu wanasikiliza, na mwalimu wa zamani zile kusema hajui kitu mbele ya wanafunzi ilikuwa kama kuvua suruali (ngojeni, tutafika huko), kwa hiyo nikasema, "Ninaijua."

"Ulishacheza?"

"Kidogo," nikasema. "Kampala."

Kampala nilikuwa nimekaa siku tatu, kumsindikiza mjomba wangu aliyeumwa macho, na mpira pekee niliouona huko ulikuwa wa matambara.

Basi Luc akafurahi kama mutu aliyekutana na ndugu yake katika pori. Huko kwao watu wanacheza rugby kuliko kuenda misa, na hapa Bunia kwa miaka miwili hakuwa amepata mutu hata mmoja wa kuzungumza naye habari hiyo. Akaniambia tayari anafundisha vijana wa sekondari, wameanza kujua kukimbia na kupeana mupira, lakini wazazi wanaona ni mchezo wa wendawazimu, kwa hiyo itakuwa vizuri mwalimu mwenyeji awaeleze watu historia ya ile timu ya Fiji na mambo makubwa iliyoyafanya, Jumamosi, kwenye sale ya paroisse, ukumbi wa parokia. Nikajibu hakuna shida. Akanipa gazeti lake la Kifaransa lenye kurasa mbili juu yao, na mimi nikaenda nalo nyumbani nikiwaza kurasa mbili ni kitu gani kwa mutu mwenye diplome.

Kurasa zenyewe zilinishinda kwa neno moja. Kila mahali waliandika essai. Fiji wakafanya essai, tena essai, essai nzuri sana, katika finale essai nyingi kuliko wengine. Mimi Kifaransa changu kilikuwa cha kitabu, na katika kitabu essai ni kujaribu. Nikasoma mara tatu, nikaona huruma imenishika: maskini watu hawa wa visiwani, wanajaribu tu, hawafaulu! Kuna saa nilijiuliza kama nimuulize Luc, lakini mutu aliyecheza Kampala atauliza namna gani neno kama lile? Nikalikunja gazeti.

Jumamosi sale ikajaa. Wanafunzi wangu walikaa chini mbele, wazazi kwenye viti, na katika safu ya pili Muzee Kasereka na abacost yake ya kijivu, mama yake Masika pembeni, na Masika mwenyewe aliyekuwa ananiangalia kama ninyi mnavyoangalia mutu wenu akipanda kusoma mbele ya kanisa. Nikasimama na shati langu, na suruali yangu ya tergal niliyoipiga pasi mpaka ikakata upepo, nikaanza kwa kuwaambia kwamba mimi mwenyewe nilicheza kidogo huko Kampala.

Niseme ukweli, nilisema vizuri. Niliwaeleza jinsi Fiji ni visiwa vidogo mbali sana, watu wake wengine ni askari, wengine ni polisi, wengine wanakata miwa, na kila mwaka wanaenda Hong Kong kushindana na mataifa makubwa. "Na huko," nikasema na sauti ikashuka, "wanajaribu. Wakianguka wanajaribu tena. Hakuna timu duniani iliyojaribu kama Fiji. Mwaka jana walijaribu sana, mpaka wakubwa wa mchezo wakaona huruma, wakawapa kombe." Mama mmoja akafuta machozi kwa kikwembe, kitenge chake. Nikawageukia wanafunzi nikawaambia hata weye uliyeshindwa hesabu, jaribu kama Fiji. Makofi yakapigwa mpaka mabati yakalia.

Nilipomwangalia Luc, alikuwa amekuwa mwekundu kama pilipili, amefunika mdomo. Akasimama pole pole, na ninamshukuru mpaka leo kwa upole wake, akasema Kiswahili chake kile: "Citoyen Ngabu amesema vizuri. Kitu kidogo tu. Katika rugby, essai si kujaribu. Essai ni bao. Mutu akivuka mustari wa mwisho wa wale wengine na mupira, ile ndiyo essai. Fiji haikuhurumiwa. Fiji iliwashinda wote."

Kicheko kikaanzia kwa wanafunzi wangu wenyewe kikaenda mpaka mlangoni. Mimi nikacheka pia, na labda ingeishia pale, lakini Muzee Kasereka alinyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mwalimu," akasema taratibu, "ulituambia ulicheza huko Kampala."

"Ndiyo, Muzee."

"Sasa ulicheza namna gani bila kujua bao?"

Ningetubu pale pale. Badala yake nikajisikia nasema, "Muzee, kule Kampala wanatumia Kiingereza." Na Luc, katika moyo wake mwema, akafikiri ananiokoa, akapiga mikono: "Basi tutoke nje, atuonyeshe!"

Nje kulikuwa na vijana wake kumi na watatu, mimi nikawa wa kumi na nne. Mupira wenyewe ulikuwa mrefu kama papai, na walipoutupa ukaja kwangu moja kwa moja. Nikaudaka, nikaona vijana wawili wenye mapaja kama michi wananijia, na woga ukaniingia katika miguu. Jamani, nilikimbia! Niliwapita wale wawili, nikampita wa tatu, watu wakasimama wanapiga kelele "Ngabu! Ngabu!", nikavuka ule mustari wa chokaa, nikasimama, nikainua mupira juu kama padri. Nilijua nimemaliza.

Lakini kumbe bado. Katika mchezo ule lazima mupira uguse udongo, na hilo hakuna aliyekuwa ameniambia. Vijana wakaanza, "Chini! Chini!" Wanafunzi wangu wakapokea, "Mwalimu, chini!" Mimi nikafikiri wananionya kuna hatari inakuja nyuma, nikatii. Nikajilaza chali, mzima mzima, mupira nimeushika juu ya kifua kama maiti na msalaba wake. Na katika kujilaza haraka vile tergal ikapasuka kutoka kiunoni mpaka gotini, na sauti yake ilisikika vizuri kwa sababu kelele zilikuwa zimekatika.

Sitawaambia watu walicheka kiasi gani. Masika ndiye aliyekuja. Hakucheka siku ile (ameanza kucheka baadaye, na amelipiza), akanifunika na kikwembe chake cha juu, na ni vile nilivyopita Nyakasanza nzima, mwalimu wa mwaka wa nne, nimefungwa kikwembe cha maua, watoto nyuma yangu.

Kesho yake, baada ya misa, nikaenda kwa Muzee Kasereka. Nilimkuta amekaa peke yake na kikombe cha kahawa. Nikamwambia yote: Kampala, siku tatu, macho ya mjomba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Suruali si kitu," akasema. "Suruali inashonwa. Lakini mimi ulinidanganya mara mbili, na ya pili ulikuwa umekwisha kushikwa. Ile ndiyo inanisumbua."

"Nisamehe, Muzee."

"Haukunidanganya mimi tu. Rudi kule ulikodanganya, kisha uje."

Nilirudi. Jumamosi iliyofuata, katika sale ile ile, na safari hii nilikuwa nimekaa na Luc siku tatu nikimuuliza kila neno, hata yale niliyoyajua. Watu walikuja wengi zaidi, walikuja kucheka. Neno langu la kwanza lilikuwa, "Mimi sikucheza hata siku moja." Walicheka, nikangoja wamalize. Kisha nikawaeleza: mchezo wa watu saba ulizaliwa Scotland, katika fikra za kijana mmoja aliyekuwa anauza nyama, dakika saba, mapumziko, dakika saba tena, na Fiji, visiwa ambavyo hata kwenye carte, ramani ya darasa letu, havikuonekana, walichukua kombe la Hong Kong mwaka sabini na saba, wakarudia sabini na nane, wakalichukua tena themanini, na tena themanini na nne, na hakuna aliyewahurumia hata mara moja. Hapa watu waliacha kucheka. Mutu mmoja nyuma akasema, "Eee, kumbe wadogo pia wanashinda!"

Muzee Kasereka hakuuliza kitu. Alipotoka alisimama mbele yangu, akafunga kifungo cha abacost yake, akasema, "Leo nimesikia mwalimu," akaenda. Neno lake la mwisho juu ya Masika alilileta miezi minne baadaye, na ile miezi minne ilikuwa mirefu, lakini sikumlaumu.

Tangu hapo nimefundisha miaka mingi, na darasa linapouliza kitu nisichokijua ninawaambia "sijui, tutatafuta". Mara ya kwanza nililisema nimewapa mgongo, ninafuta ubao. Sasa linatoka lenyewe, na sijaona mutu aliyeaibika kwa sababu yake.