Tomasi na mchezo wa Desderius

Jua limeshapanda, na Tomasi Shibuda anavuka uwanja wa gulio akiwa pekupeku. Mguu wa kushoto anauburuta kidogo. Nyuma yake anafuata kijana mwenye begi mgongoni. Ngoma inalia mara moja, kijana anaanguka, na wachuuzi wa viazi wanaacha kuuza.

Hakuna jukwaa wala pazia. Kikundi hiki cha watu saba, wote wakulima wa kijiji kimoja cha ujamaa wilayani Biharamulo, huigiza popote watu wanapokusanyika. Tangu mwaka jana wamefika hadi Mabawe na Ngara mjini, mara kwa miguu, mara juu ya malori ya kahawa. Malipo yao ni chakula cha mchana.

Tomasi ni seremala mwenye umri wa miaka thelathini na minne. Mwishoni mwa 1978 alikwenda vitani akiwa mgambo, pamoja na jirani yake Desderius.

Asubuhi ya kuondoka, Ng'washi, mjane mzee aliyekuwa jirani yao, aliwapa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, wale njiani.

"Tuligawana nusu kwa nusu," anasema Tomasi. "Mimi nilimaliza yangu kabla yake."

Ndani ya Uganda, walipokuwa wakipita shamba la migomba kwa mstari mmoja, Desderius alikanyaga bomu lililofukiwa ardhini. Tomasi alikuwa mbele yake. Vipande vya chuma vilimwingia pajani. Mwenzake alifariki muda mfupi baadaye, humo humo shambani.

Aliporudi kijijini akiwa na mkongojo, nyumba ya Ng'washi ilikuwa majivu. Habari za kifo zilikuwa zimemtangulia, na watu walikuwa wameshaamua kwamba mjane huyo alimroga Desderius kwa yale matobolwa. Macho ya mama huyo, mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, yakawa ushahidi. Alikimbilia kwa binti yake Nyakisasa, wilayani Ngara.

Tomasi alisimama katika mkutano wa kijiji akaeleza alichokiona. Mzee mmoja akamuuliza, "Wewe ulitangulia. Kwa nini bomu lilikuacha likamchukua yeye?"

"Nilikosa jibu," anasema. "Hata leo sina. Lakini kukosa jibu si sababu ya kumchomea mtu nyumba."

Kwa kuwa maneno hayakusikilizwa, aliamua kuwaonyesha. Aliwakusanya wenzake, wakatengeneza mchezo: matobolwa, safari, shamba la migomba, nyumba inayoungua. Majina hawakubadilisha. Mwenyekiti wa kijiji aliogopa ugomvi, akawazuia kuucheza nyumbani. Wakaanzia vijiji vya mbali.

Ruhusa ilipatikana Agosti mwaka huu. Siku ya kuucheza nyumbani, Bernadetha, mama yake Desderius, alikaa mstari wa mbele. Kijana alipoanguka, mama huyo alisimama. Mpiga ngoma akaacha kupiga.

"Tomasi, mwanangu alisema nini?"

"Aliomba maji, mama. Nikampa."

"Hakumtaja Ng'washi?"

"Hakumtaja mtu, mama. Alikunywa kidogo tu."

Bernadetha alibaki amesimama. Watu wengine walianza kuondoka, wakidhani mchezo umeharibika. Kisha akakaa. "Haya, endeleeni," alisema.

Wiki mbili baadaye majirani walimwona akipalilia kiwanja palipokuwa na nyumba ya Ng'washi. Hakuna aliyemtuma.

"Watu wananiuliza kama nimemsamehe," aliliambia gazeti hili. "Nimsamehe nini? Hakunikosea. Mimi ndiye ninayesubiri kusamehewa."

Si wote waliogeuka. Wapo ambao bado hawamsalimii Tomasi, na mkewe ameshaambiwa kisimani kwamba mumewe analinda wachawi. Hata hivyo kijiji kimekubali kutoa miti na nguvu kazi, na kuta za nyumba mpya ya Ng'washi zimeshafika usawa wa dirisha.

Huko Nyakisasa, Ng'washi alikuwa akipukuchua mahindi tulipomkuta. Mchezo hajautazama. "Niliyaona yenyewe," alisema. "Mnataka niyaone tena?"

Wiki iliyopita Tomasi alimfuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kukuuliza."

Ng'washi alimaliza kupukuchua hindi lililokuwa mkononi. Alisema atarudi kwa sharti moja. Mlango wa zamani ulikuwa wa matete, na waliokuja kuichoma nyumba waliufunga kwa kamba kutoka nje. Safari hii anataka mlango wa mbao wenye komeo la ndani, upande wa nyuma pia uwe na mlango.

Tomasi anatumaini kumaliza yote kabla ya mvua kubwa. Mbao za mninga ameshazipata.

"Ameomba komeo moja kila mlango. Nitaweka mawili," anasema. "Siku nikipita nikaukuta mlango uko wazi naye amelala mchana ndani, hapo nitapumzika."